Tulipoweka Redio Katika Gari la Baba

Redio ya gari la baba ilikufa na kung'olewa kabla sijazaliwa. Mahali pake, katikati ya tablo, ule ubao wa mbele ya dereva, palibaki tundu la mstatili, na humo baba aliweka tasbihi yake, kitambaa cha kufutia kioo, karanga za kukaanga, na mara nyingine yai la kuchemsha alilopewa na abiria. Abiria mgeni akiuliza, "Mzee, redio iko wapi?" baba alijipiga kifua.

"Redio ni mimi. Unataka stesheni gani?"

Halafu akaimba. Alikuwa dereva wa njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na njia ile aliimba yote. Asubuhi tukitoka mjini zilikuwa kasida alizojifunza madrasani. Jua likipanda zilikuja nyimbo za harusi. Tukishapita Lusangi aliimba nyimbo za Kibangubangu, lugha ya kwao mama, ambazo wakulima waliokuwa mashambani walizitambua kwa mbali wakasimama kupunga majembe. Sauti yake haikuwa nzuri sana, nasema kweli. Ilikuwa kubwa, ina mikwaruzo, na haikuchoka.

Kwa sauti hiyo ndivyo alivyompata mama. Mama alikuwa msichana, anarudi kwao na beseni la samaki wa kukausha, amekaa nyuma juu ya magunia. Baba akaimba wimbo wa kwao mama, akakosea neno. Mama akapaza sauti kutoka nyuma: "Shofere, hiyo neno haiko hivyo! Umetukana bibi yangu!" Gari zima likacheka. Baba akasimamisha, akashuka, akamwomba aje mbele amfundishe. "Akaja mbele," baba alikuwa akitusimulia, "hakurudi nyuma tena."

Mimi ni binti yao wa mwisho. Natengeneza simu, redio na taa za sola sokoni Kasongo, kwenye kibanda kilicho karibu na wauza vitenge. Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, ndiye aliyerithi usukani. Yaya ni mtu wa maneno machache. Mama husema aliyamaliza maneno yote tumboni.

Ugonjwa wa baba ulianza kama mafua. Sauti ilipungua, tukasema ni vumbi la kiangazi. Akapewa asali na tangawizi. Mvua zikaja, vumbi likalala, sauti haikurudi. Abiria walimtania: "Redio imeisha batri!" Naye alicheka pamoja nao kwa kicheko kilichotoka kama upepo kwenye mwanzi. Alipoanza kushindwa kumeza ugali tulimpeleka hospitali, na daktari, baada ya kumtazama kooni, akaacha kututazama machoni. Alipelekwa Bukavu kwa ndege ndogo. Yaya alimsindikiza.

Huko walimpasua. Uvimbe ulikuwa umekaa mahali sauti inapokaa, kwa hiyo walitoa vyote viwili. Baba alirudi nyumbani amekonda, mzima, na tundu shingoni alilolifunika kwa kitambaa cheupe. Alipumulia hapo. Hakuweza kunong'ona hata neno moja. Hakuweza kupiga mluzi wala kupuliza chai ikapoa. Alikaa akaikodolea macho mpaka ipoe yenyewe. Siku ya kwanza jirani zetu walijaa uani kumpa pole, kila mmoja anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba baba alikuwa amelala. Alimwitikia kila mtu kwa kichwa. Walipoondoka aliingia ndani ya gari lake lililoegeshwa uani, akafunga mlango, akakaa.

Ikawa desturi yake. Yaya asiposafiri, baba alishinda kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani. Mama alimpelekea chakula humo humo. Nyumbani tulizungumza naye polepole, kwa upole mwingi, na kila alichokitaka kwa ishara tulikimbia kukileta. Hakuna aliyembishia. Hata mama, ambaye maisha yao yote alikuwa akigombana naye kwa ajili ya chumvi kwenye mboga, alinyamaza.

Yaya ndiye aliyeanza habari ya redio. Tulikuwa tunakula.

"Gari iko kimya kama kaburi," alisema. "Watu wanapanda, wananitazama, wanangoja niimbe. Mimi siimbi. Sasa wanachukua pikipiki."

"Nitakuwekea redio," nikasema. "Iko moja pale kwenye kibanda. Inasoma na kle." Kle ndiyo ile flashi ndogo ya kutia nyimbo.

Mama aliweka bakuli chini. "Musiiweke."

"Kwa nini, mama?"

"Munamuwekea mutu mwingine mahali pake. Na yeye angali hai."

Tulipoinua macho tukamwona baba mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alituangalia mmoja mmoja, akaingia chumbani, akarudi na funguo za gari, akaziweka mkononi mwangu.

Mpaka leo sijui alitaka nini. Pengine alitaka redio. Pengine alitaka tu siku moja ya kazi, kufungua boneti, kuchafuka mikono. Kesho yake asubuhi nilipofika na mfuko wangu wa vifaa alikuwa amekwisha vaa ovaroli lake la zamani, spana mkononi, kitambaa safi shingoni.

Kutia redio mpya katika gari la zamani ni kazi ya kufukua. Nililala chali chini ya tablo, nikakuta nyaya za redio ya zamani zimekatwa na kufungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vilikuwa vya baba, nilijua fundo lake. Ngozi ya nyaya ilikuwa imekauka. Ukiikunja inamwagika kama maganda ya karanga. Nikazivuta mmoja mmoja, na kila nilioutoa nje baba aliupokea, akaugeuza, akanionyesha unakotoka kwa kugusa kitu: huu ni wa honi, akagusa usukani, huu wa taa za nyuma, akaelekeza kwa kidole gumba juu ya bega.

Kisha nikapima umeme kwa mashine yangu ndogo. Gari lile la dizeli lina batri mbili zilizounganishwa, na nguvu zake zikiwa pamoja ni mara mbili ya zile redio inazohitaji. Ukiifunga moja kwa moja inaungua papo hapo. Njia ya mkato, ambayo kila fundi anaifanya, ni kuchukua umeme kwenye batri moja tu. Nikashika waya wa njano, ule unaolisha redio muda wote, nikaupeleka kwenye batri ya karibu.

Baba akapiga boneti kwa spana. Ngaa!

"Baba, itawaka. Nimeshafanya hivi kwa wengine."

Akatikisa kichwa. Akainua viganja viwili sawasawa, kisha akashusha kimoja, akapandisha kingine: batri moja itachoka, nyingine itashiba kupita kiasi, zote zitakufa.

"Najua. Lakini redio inakula kidogo tu."

Ngaa!

"Sasa kipunguza umeme nitakitoa wapi hapa Kasongo?"

Akanyoosha mkono kuelekea barabara ya mtoni, akachora hewani tumbo kubwa, akaangusha kichwa begani kama mtu aliyekufa. Nikafahamu. Alikuwa anasema lile lori bovu lililolala karibu na gereji, ambalo lilikuwa na redio zamani.

"Lile liko na kutu mpaka moyoni, baba! Nitapoteza siku nzima bure!"

Akatupa spana chini. Alisimama mbele yangu, kifua kinapanda na kushuka, pumzi inaingia na kutoka shingoni kwa mluzi mwembamba, na macho yake yamewaka. Macho yale sikuwa nimeyaona tangu aende Bukavu. Hayakuwa macho ya mgonjwa. Yalikuwa ya yule mtu aliyewahi kumshusha abiria porini kwa sababu alipiga teke kuku wa mwenziwe. Nikajikuta nacheka, na machozi yananitoka.

"Sawa, mzee," nikamwambia. "Sawa. Twende."

Tukaenda pamoja kwa miguu, yeye mbele. Watu barabarani walimsalimia, akainua mkono kwa haraka kama mwenye shughuli. Kipunguza umeme tulikikuta kweli ndani ya lile lori, kisanduku cha bati chenye mapezi ya kupoza joto, buibui wamekijengea. Nilikifungua, nikalehemu mguu mmoja uliokuwa umeachia, nikakipima. Kikatoa umeme ule ule tuliouhitaji. Baba hakujisifu. Alinipa kichana kimoja cha ndizi alichokuwa amenunua njiani, akaketi kwenye tairi kula.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Waya mwekundu tuliupitisha kwenye swichi ya funguo, ili redio izimike gari likizimwa. Mweusi tuliufunga kwenye chuma cha bodi, baada ya baba kukikwangua kwa kisu mpaka kikang'aa. Spika mbili tulizitia nyuma ya viti. Tundu la tablo lilikuwa dogo kidogo. Baba akachukua tupa, akalipanua taratibu, akafuta vumbi la chuma kwa kiganja. Kabla sijasukuma redio ndani alinizuia mkono. Alitoa tasbihi yake, akaitia mfukoni. Akaniashiria kwa kichwa niendelee.

Ilipowaka, taa yake ya buluu ilimmulika usoni. Tulipata stesheni ya mjini. Mtangazaji alikuwa anasoma komunike, yale matangazo ya vifo na ya mbuzi waliopotea. Mama alitoka jikoni, akasimama mbali kidogo na mikono yenye unga, akasikiliza. Akarudi ndani.

Haukupita muda mrefu, kaka mkubwa wa mama akafariki kijijini kwao, upande huu wa Kabambare. Tukaenda kilioni sote: yaya kwenye usukani, baba na mama mbele, mimi nyuma na abiria wa kawaida, wachuuzi wa mchele na mawese. Stesheni ya mjini ilitusindikiza kidogo, ikaanza kukwaruza, ikapotea. Yaya akatia kle. Kijana fulani aliimba kwa sauti tamu, na abiria walifurahi, wakawa wanatikisa mabega. Mimi nilikuwa natazama kisogo cha baba kupitia kidirisha cha nyuma. Hakikusogea.

Mbele ya Lusangi mvua ilikuwa imekula barabara. Gari likazama mpaka kwenye bodi. Tukashuka wote, tukavua viatu, tukaanza kusukuma. Yaya aliacha muziki uendelee, nadhani alitaka kututia moyo. Lakini muziki ule haukuwa wa kusukumia. Huyu anasukuma, yule anapumzika. Huyu anavuta pumzi, yule anateleza. Gari lilizidi kuzama.

Baba akaingiza mkono dirishani, akazima redio. Akaja nyuma, akasimama kwenye tope pamoja nasi, akaanza kupiga bodi kwa kiganja. Pigo moja zito, mawili mepesi. Kila mtu aliyepita njia ile miaka ya nyuma aliyajua mapigo yale. Ulikuwa wimbo wake wa matopeni: mstari wa kwanza anaimba yeye peke yake, wa pili tunaitikia, na kwenye neno la mwisho watu wote wanasukuma.

Mapigo yakaendelea, na mstari wa kwanza haukuwa na mtu. Ndipo mama akauimba. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akiimba mbele za watu. Aliuchukua wimbo wa mume wake, kwa sauti nyembamba inayotetemeka, na maneno yote yalikuwa sahihi. Watu wakaitikia. Gari likatikisika.

Mstari uliporudi tena, nilimwona baba anafungua kinywa. Alikifungua chote, kama zamani, shingo ikakakamaa, mishipa ikasimama. Kilichotoka ni upepo tu kwenye kitambaa. Mkono wake ukaachia bodi, ukaenda shingoni. Akasimama hivyo, kinywa wazi, na machozi yakashuka kwenye mashavu yenye tope.

Mama akakatiza wimbo katikati ya neno. Alimwendea, akamshika kiwiko. "Basi, baba watoto. Basi. Nimenyamaza."

Akamkalisha pembeni, kwenye majani. Sisi tulibaki tumeshika gari, hakuna aliyejua afanye nini. Hatimaye mchuuzi mmoja wa mchele, mtu mzima, akasema kwa sauti ya chini, "Tuhesabu tu." Tukahesabu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Gari likatoka.

Tulipopanda tena yaya hakuthubutu kugusa redio. Baadaye kidogo nikaona mkono wa baba unanyooka kwenye tablo. Aliiwasha mwenyewe, akapunguza sauti, akageuka kuangalia abiria kama mwenye nyumba anayewauliza wageni kama wametosheka. Kisha akaegemea dirisha, akatazama nje mpaka tukafika.

Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu, na hakutaka kusikia habari ya Bukavu. Asubuhi alijikokota mpaka kwenye gari uani, akawasha stesheni ya mjini, akasikiliza komunike. Yalikuwa majina ya watu aliowabeba. Likitajwa jina analolijua aliinua kidole, na mama, aliyekuwa akikaa naye sasa kwenye kiti cha pembeni, alikisia.

"Ni yule wa mbuzi wawili?"

Kidole hapana.

"Yule aliyejifungua njiani?"

Baba anainamisha kichwa, ndiyo. Mama anasema, "Mungu amrehemu. Na yule mutoto iko wapi siku hizi?" Wakakaa wakifikiri habari ya mtoto yule.

Alifariki mwanzo wa kiangazi, baada ya swala ya alfajiri, mama amemshika mkono. Wazee wa msikiti walikuja kumwosha. Mimi na yaya tulitumwa sokoni kuleta sanda. Yaya alipowasha gari redio ikawaka yenyewe, kwa kuwa baba hakuwa ameizima jana yake; kila mara ilikuwa inazimika na funguo tu. Hatukuijali. Tulikuwa tumefika karibu na shule ya kanisa tuliposikia jina lake. Mtangazaji alilisoma kwa sauti ile ile anayosomea mengine yote, akaongeza: "dereva wa zamani wa njia ya Kabambare," na akataja saa ya maziko.

Yaya akasimamisha gari katikati ya barabara. Pikipiki zilitupita huku na huku, nyingine zikipiga honi. Yule kaka yangu asiye na maneno aliweka paji la uso kwenye usukani, akalia kwa sauti, sauti kubwa yenye mikwaruzo, mpaka wauza mihogo wakaja dirishani kuuliza, "Kuko nini? Nani amekufa?" Nilijaribu kuwajibu, na mimi pia sikuweza. Mtangazaji alikuwa ameshafika kwa marehemu mwingine.

Mama alipomaliza eda alisema anataka kurudi kwao. Tulimsihi. Alisema Kasongo ameijua kupitia mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Tukampeleka kijijini na vyungu vyake, godoro, na mashine yake ya kushonea.

Dada zake walitupokea njiani, kabla hatujafika nyumba ya kwanza. Walikuja wameweka mikono kichwani, wakilia kwa Kibangubangu, maneno marefu yanayopandana. Wakamkumbatia mama, nao wakawa wanalia pamoja. Mimi nililelewa Kasongo. Lugha ya mama naisikia nusu. Nilisikia jina la baba, likarudiwa, na swali ambalo sikulifahamu.

"Mama, wanasema nini?"

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Wanauliza sasa ni nani atawaletea chumvi."

Hatukuwa tukijua. Kumbe miaka yote ile, kila alipopita, baba aliwashushia wakwe zake mfuko wa chumvi, na hakuwahi kutuambia. Yaya alikuwa nyuma yetu na godoro kichwani. Alisikia. Akapita, akaliingiza godoro ndani.

Safari yake iliyofuata alibeba chumvi. Aliniambia baadaye kwamba waliipokea kwa mikono miwili, wakamshukuru sana, wakampikia kuku, na mama mkubwa, yule dada mkubwa wa mama, akaukumbatia mfuko akaanza kulia upya. Yaya alingoja mpaka anyamaze. Kisha akala, akaaga, akaendelea na abiria wake kuelekea Kabambare.